Mizani ya Jumatatu

Nikimwambia mtu wa Mbeya mjini au wa Dar es Salaam kwamba ninaishi Saza, swali lake la kwanza huwa ni kama dhahabu bado inapatikana. Hakuna anayeniuliza kama Mungu bado anaabudiwa huku. Pengine ni vizuri, maana jibu lake ni jepesi mno. Jumapili asubuhi hapa kwetu huhitaji saa ya mkononi. Utasikia kengele, ngoma na vipaza sauti vya madhehebu mbalimbali, kila moja likijitahidi kulishinda jirani yake, na barabara itajaa watu waliovaa nguo safi. Swali gumu ni jingine: ibada ile ya Jumapili huenda wapi ifikapo Jumatatu, watu wanaporudi kwenye maduara, kwenye makarasha na kwenye vibanda vya kununulia dhahabu?

Saza ni ya dhahabu tangu zamani. Ipo katika Wilaya ya Songwe, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Kabla ya hapo sisi tulikuwa watu wa Chunya. Nchi hii yote ni sehemu ya eneo la Lupa, ambako dhahabu iligunduliwa mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 watu wa kila rangi na kila kabila walimiminika wakiwa na majembe na karai. Mgodi wa New Saza ulikuwa miongoni mwa migodi mikubwa ya Tanganyika hadi ulipofungwa mwaka 1956. Wenye mgodi waliondoka, lakini mashimo na watu vilibaki, na uchimbaji mdogo haujakoma hadi leo. Mwaka 2012 mgodi mkubwa wa New Luika nao ulianza kuzalisha dhahabu katika wilaya hii. Kwa hiyo mtoto anayezaliwa hapa huona mizani ya dhahabu kabla hajaona ubao wa shule.

Mimi niliufundisha ubao huo. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na somo langu lilikuwa hesabu. Niliwafundisha watoto gramu na kilo, sehemu na asilimia, na nilijua wazi kwamba wengi wao wangeitumia elimu hiyo machimboni kuliko ofisini. Sasa nimestaafu na ni mzee wa kanisa. Nayaandika haya kama mtu wa hesabu anayeamini, si kama mhubiri.

Katika Injili ya Luka, sura ya tatu, kuna habari ninayoipenda kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia. Yohana Mbatizaji anawaonya watu jangwani kwa maneno makali, nao wanamwuliza wafanye nini. Ningekuwa mimi ningetarajia awaambie wafunge, wakeshe, au waongeze sala. Lakini Yohana anamjibu kila mtu kulingana na kazi yake. Mwenye nguo mbili amgawie asiye na nguo. Mtoza ushuru asitoze zaidi ya kiwango alichopangiwa. Askari asimnyang'anye mtu wala kumsingizia, aridhike na mshahara wake. Hakumwambia mtoza ushuru aache kazi, ijapokuwa kazi hiyo ilichukiwa na kila mtu. Alimwambia aifanye bila wizi.

Angekuja mkoani kwetu leo, nadhani angezunguka namna hiyo hiyo. Angefika Tunduma, mpakani, ambako malori yanapanga foleni kuingia Zambia na methali ya "penye udhia penyeza rupia" imekuwa kama kanuni ya barabarani, akazungumza na wanaopokea na wanaotoa. Angepita Mbozi akazungumza na wanunuzi wa kahawa. Halafu angeshuka hadi Saza, akaomba aonyeshwe mizani.

Mizani ni kitu kidogo. Ya dhahabu inaenea kwenye kiganja cha mkono. Lakini kazi yote ya mchimbaji huishia hapo. Amechimba mwamba kwa wiki kadhaa ndani ya duara, amebeba mawe mgongoni, amelipia karasha, ameosha mchanga, amekamata dhahabu kwa zebaki na kuichoma. Mwishoni ana chembe inayoweza kupotea katikati ya vidole. Anaiweka kwenye mizani ya mtu mwingine, na mtu huyo ndiye anayesoma namba. Mizani isipoanzia sifuri, au feni ikipuliza kutoka upande unaomfaa mnunuzi, jasho la wiki nzima linapungua bila mtu kuinua sauti. Dhahabu huhesabiwa kwa gramu na pointi, yaani sehemu za kumi za gramu. Kuiba pointi moja hakuonekani kama wizi. Lakini chovya chovya humaliza buyu la asali.

Tangu mwaka 2019 serikali ilipofungua masoko ya madini mikoani, mambo yamekuwa na utaratibu zaidi, na Wakala wa Vipimo hukagua mizani. Hata hivyo si kila chembe inafika sokoni. Mama aliyeponda mawe kutwa na kupata pointi tatu hawezi kulipa nauli ili akauze pointi tatu. Humwuzia aliye karibu naye. Na aliye karibu naye, mara nyingi, Jumapili hukaa naye kanisa moja.

Hapo ndipo lilipotukuta jambo ambalo sijalisahau. Kanisa letu lilikuwa na kuta bila paa. Tulisali chini ya turubai, na mvua ikinyesha mahubiri yalikatizwa. Mnunuzi mmoja wa dhahabu, muumini mwenzetu, alijitolea kuezeka jengo lote: mbao, misumari na mabati. Mchungaji aliitisha baraza la wazee, na wengi wetu tulianza kumshukuru Mungu kabla kikao hakijafunguliwa. Ndipo mama mmoja mjane, anayeishi kwa kuponda mawe, akaomba ruhusa aseme. Alisema kwa utaratibu, bila hasira: "Wazee wangu, mabati hayo ni ya kwetu. Ametukata kidogo kidogo mpaka yametimia. Mkiyapokea, mtamshukuru yeye na sisi mtatusahau."

Kila mtu pale ndani alijua anasema nini. Mizani ya ndugu yule ilijulikana. Watu waliitania kilabuni. Baraza likagawanyika. Wengine walisema fedha haina jina, ikifika madhabahuni imetakaswa. Wengine walisema tukianza kuchunguza sadaka ya kila mtu tutabaki na sahani tupu. Mimi nilisema kwamba Mithali na Amosi hawakuandikiwa watu wa Israeli peke yao, na kwamba Mungu aliyesema anachukia mizani ya hila hawezi kufurahia kukaa chini ya paa lililonunuliwa kwa mizani hiyo. Baada ya majadiliano ya siku mbili, tuliamua kwamba mchungaji na wazee wawili, mmoja wao mimi, twende tukazungumze naye nyumbani kwake, kwa heshima na bila kumtangaza.

Alitupokea vizuri, tukanywa chai. Mchungaji alimweleza kwamba tunamshukuru kwa moyo wake, ila tunamwomba kwanza mambo mawili: mizani yake ikakaguliwe, na wale kina mama walipwe kilichopungua, kwa kadiri atakavyoona katika dhamiri yake. Alikaa kimya. Kisha akasema tumemwita mwizi nyumbani kwake mbele ya mke wake. Jumapili iliyofuata hakuja. Baada ya muda tulisikia amehamia kwa wengine, na wao walimpokea pamoja na mabati yake.

Ningependa kuandika kwamba mambo yaliishia vizuri. Hayakuwa hivyo, angalau si kwa wote. Tulikaa chini ya turubai misimu miwili zaidi ya mvua. Baadhi ya waumini walimfuata, maana walikuwa wanamtegemea kwa mkopo wa chakula wakati duara halijatoa. Kijana mmoja wa kwaya aliyekuwa akifanya kazi kwake alifukuzwa. Mama yake alinijia akaniambia: "Mwalimu, haki yenu ni nzuri, lakini aliyeilipia ni mwanangu." Sikuwa na jibu la kumpa. Tulimchangia kijana mtaji mdogo, akauza maji kwa baiskeli, lakini neno la mama yule lilikuwa kweli na limebaki kuwa kweli. Imani inayotendwa ina gharama, na mara nyingi gharama hiyo haimwangukii aliyetoa hoja kwenye kikao. Kanisa likiamua kusimamia haki, ni lazima siku hiyo hiyo liamue nani atawabeba watakaoumia. Bila hivyo tunakuwa tunatoa sadaka kwa mfuko wa jirani.

Pamoja na hayo sikubaliani na wanaosema tungeyapokea. Mjane yule alikuwa amesali nasi miaka mingi, na ile ilikuwa mara ya kwanza kusikika barazani. Tungeyapokea mabati, tungekuwa tumemwambia kwamba Mungu wetu naye ananunua kwa mizani ile ile.

Historia ya Kanisa katika Afrika Mashariki inatufundisha kwamba jambo hili si geni. Mwaka 1929 huko Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana na daktari Mwingereza Joe Church aliyefanya kazi Gahini, Rwanda. Kutokana na urafiki wao na wa wenzao kulitokea ule Uamsho ulioenea katika miaka ya 1930 kutoka Rwanda na Uganda hadi Buhaya na Kenya. Watu wengi hukumbuka nyimbo zake na maungamo yake ya hadharani. Lakini kilichowashangaza majirani wasioamini kilikuwa kingine: walookoka walirudisha vitu. Mtu alimrudia mwajiri wake na vifaa alivyoiba, mwingine alilipa deni lililokwisha kusahauliwa, mwingine alipeleka ng'ombe kwa aliyemdhulumu. Ni habari ya Zakayo, aliyeahidi kurudisha mara nne, ikitendeka vijijini. Jirani ambaye hakuelewa neno la toba alielewa alipouona mkopo wake umerudi.

Mwalimu Nyerere naye, aliyekuwa Mkatoliki wa kusali sana, alikwenda Marekani mwaka 1970 akazungumza na masista wa Maryknoll. Aliwaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kupambana na mifumo inayowafunga watu katika umaskini, halitakuwa na maana kwa watu hao. Maneno yale yalikuwa mazito kwa masikio ya wakati ule. Mimi nikiyafikiri nikiwa Saza, sihitaji kwenda mbali kuutafuta mfumo. Mfumo ni nani anayesoma namba ya mizani, nani anaandika daftari la mgao, na nani haruhusiwi kuuliza.

Nitaje mgao, maana hapo nako Jumatatu hutupima. Mawe yakitoka kwenye duara hugawanywa kwa mifuko: kuna fungu la mwenye leseni, la mwenye duara, la aliyetoa chakula na vifaa, na la wachimbaji wenyewe. Wachimbaji hawalipwi kwa siku. Wanaweza kufanya kazi mwezi mzima kwa ugali na matumaini. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mchimbaji asiye na daftari akifika siku ya mgao huambiwa amekula kuliko alivyochimba. Kumbukumbu la Torati linaagiza maskini alipwe ujira wake kabla jua halijatua, na Yakobo anaandika kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele. Namfahamu mwenye duara mmoja ambaye kila jioni husoma daftari kwa sauti mbele ya vijana wake, na anayebisha husikilizwa hapo hapo. Hajawa tajiri. Lakini duara lake lilipoporomoka na kijana mmoja akafa, fungu la marehemu liliendelea kupelekwa kwa mke wake hadi mgao ulipokwisha, na wachimbaji wenzake ndio waliolibeba. Hakukuwa na mahubiri siku hiyo.

Jaribio jingine ni la hofu. Dhahabu haionekani, na mahali ambapo riziki haionekani waganga hupata wateja. Utasikia kwamba duara halitoi mpaka litolewe kafara. Leo ni kuku mweusi, kesho ni jambo ambalo mtu anaona aibu kulitamka. Nchi yetu iliona fedheha kubwa kuanzia mwaka 2007, watu wenye ualbino walipouawa, hasa kanda ya ziwa, kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Na miongoni mwa waliotajwa kuwa wateja wa biashara hiyo walikuwamo wachimbaji na wavuvi. Mkristo anayesali mchana na kwenda kwa mganga usiku anadhani anajilinda pande zote mbili. Ukweli ni kwamba analilipia lile soko. Kumwamini Mungu machimboni kuna maana moja nyepesi kuisema na ngumu kuiishi: kukubali kurudi nyumbani mikono mitupu kuliko kurudi na kitu kilichomgharimu mtu mwingine uhai.

Na la mwisho ni jirani asiyeonekana. Zebaki tunayoitumia kukamata dhahabu huchomwa kwenye kikaango, mara nyingine jikoni, watoto wakiwa karibu. Mvuke wake huharibu mishipa ya fahamu na figo, na humdhuru mtoto aliye tumboni. Nyingine huenda na maji. Mito ya upande wetu hutiririka kwenda Ziwa Rukwa, na Rukwa ni ziwa lisilo na mto wa kutokea. Kinachoingia humo hakiendi baharini. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020, lakini mkataba hauwezi kukaa na mtu nyuma ya nyumba yake anapochoma. Amri ya kumpenda jirani inaweza. Mvuvi wa Rukwa simjui jina, wala yeye hanijui, lakini samaki wake ananijua. Kutumia chombo kilichofunikwa kinachorudisha zebaki, na kuchomea mbali na nyumba, ni tendo la upendo sawa na kumtembelea mgonjwa, na linapunguza idadi ya wagonjwa wa kutembelewa.

Wapo watakaosema kwamba nimeongea mambo ya dunia na kuiacha roho. Nimewasikia wakisema hivyo hata barazani. Lakini Petro alipotafuta mfano wa imani iliyojaribiwa aliichukua dhahabu inayopitishwa motoni. Mtu wa Saza anauelewa mfano huo kuliko msomi wa mji. Anajua kwamba mwamba wenye kung'aa unaweza kuwa hauna kitu, na kwamba hakuna njia ya kujua ila kuusaga, kuuosha na kuuchoma. Jumapili ni siku ya kuuona mwamba unang'aa. Mengine yote hufanyika katikati ya wiki.

Baada ya yule ndugu kuondoka, kijana mwingine mnunuzi alifanya jambo ambalo hatukumwomba. Aliitoa mizani yake ndani ya kibanda akaiweka mlangoni, na pembeni yake akaweka jiwe la kupimia lenye uzito unaojulikana. Anayekuja kuuza huweka jiwe kwanza, anasoma namba mwenyewe, kisha anaweka dhahabu yake. Bei yake si kubwa kuliko ya wengine. Kina mama wanaoponda mawe humwendea hata kama ni mbali kidogo. Nilipopita siku moja nilimkuta mwanafunzi wangu wa zamani akimwonyesha mdogo wake jinsi ya kusoma sifuri.

Ndugu msomaji, pengine hujawahi kuiona dhahabu isipokuwa kwenye pete. Pengine unauza mchele, unaendesha daladala, unasahihisha mitihani, unagonga mihuri ofisini au unawalipa vibarua wa shamba. Kila kazi ina mizani yake, na wewe ndiye unayejua inapoanzia. Ukisali Jumapili jioni, usiombe tu ulinzi wa safari na afya ya watoto. Uliza lile swali la watu wa jangwani, nawe uliulize ukiwa umekitaja chombo chako cha kazi kwa jina. Jibu likija, litakuwa dogo na la wazi, na litakugharimu kitu kabla ya saa nne za Jumatatu.